Amenifungia kitabu kidole changu kikiwa bado ndani!

Binti Kurasa (mleta mada)

Wanajamvi, ninaandika haya mikono ikinitetemeka, na chai niliyojimiminia tangu niliporudi nyumbani imepoa bila kuguswa. Yule bwana nyote mnamjua na sina haja ya kumtaja, kwa sababu hakuna mazungumzo ya visa vya mashujaa katika mji huu ambayo hajayaingilia na kuyavuruga. Jioni hii amenifungia kitabu. Simaanishi kwamba alinizidi hoja hata nikanyamaza. Ninamaanisha kwamba aliunyoosha mkono wake, ule ule uliokuwa na mafuta ya kachori, akakifunga kitabu changu mapajani mwangu huku kidole changu cha shahada kikiwa bado katikati ya kurasa.

Mada ilikuwa ile ya kila Jumamosi: katika visa vya The Lord of the Rings, kati ya Gandalf, yule mzee mchawi mwema, na Mfalme Mchawi wa Angmar, mtumishi mkuu wa Sauron, bwana wa giza, ni nani mwenye nguvu zaidi? Kama ilivyo desturi yake, alianza na fimbo. Katika lile toleo refu la filamu, Mfalme Mchawi anaivunja fimbo ya Gandalf na kumwangusha kutoka juu ya farasi, na kwa bwana huyu fimbo ikishavunjika basi kesi imekwisha, hukumu imesomwa na mahakimu wamekwenda kula. Nilimwambia kwa adabu kabisa kwamba katika kitabu cha Tolkien, The Return of the King, kilichotoka mwaka 1955, tukio hilo halimo. Nilikuwa nacho kitabu. Nilikibeba kutoka nyumbani, juani, kwa ajili ya ukurasa mmoja tu.

Katika ukurasa huo lango la mji wa Minas Tirith limekwisha kuvunjwa, Mfalme Mchawi anaingia akiwa juu ya farasi wake mweusi, na watu wote wanakimbia isipokuwa Gandalf, ambaye amekaa kimya juu ya farasi wake Shadowfax akimngoja. Wanaambiana maneno mazito. Mfalme Mchawi anainua upanga, na moto unateremka juu ya makali yake. Ndipo jogoo anapowika mahali fulani mjini, pembe za wapanda farasi wa Rohan, waliokuja kuusaidia mji, zinalia kutoka mbali, na yule mwovu anageuka na kuondoka. Hawakupigana! Hakuna aliyemgusa mwenzake hata kwa ukucha. Nilikuwa nimefika kwa jogoo, wanajamvi, kidole changu kikiwa juu ya neno lenyewe, wakati mkono ule ulipokuja.

Akasema, “Dada, nguvu hazisomwi, nguvu huonekana kwa macho.” Baraza zima likacheka. Muuza kahawa naye akacheka, mtu ambaye nimemnywea kahawa ya kutosha kujaza kisima.

Kinachoniunguza zaidi ni kwamba sikuwa nimedai hata kidogo kuwa Gandalf angeshinda. Gandalf mwenyewe, Denethor, mtawala wa mji ule, alipomuuliza kama amezidiwa nguvu, alijibu kwamba huenda ikawa hivyo, ila siku ya kupimana kwao ilikuwa haijafika. Hilo ndilo nililotaka kusoma baada ya jogoo. Kuna mtu duniani anayemfunga mwenzake mdomo kabla hajajua kama wanapingana? Kidole kilikuwa ndani, jamani. Kilikuwa ndani!

Kobe wa Sokoni

Pole sana, dada. Hata hivyo, nimeusoma uzi wako mara mbili na nimegundua kwamba kidole kimepewa nafasi kubwa kuliko Gandalf na Mfalme Mchawi wakiwekwa pamoja. Ukija barazani safari nyingine, njoo na kijiti cha kuwekea alama ukurasa, kwa kuwa kijiti hakisikii uchungu. Kuhusu hoja yenyewe, mimi niko upande wa bwana huyo: mtu anayegeuka na kuondoka kwa sababu ameitwa na vita vingine hajashindwa, na pambano lililoahirishwa hutazamwa kwa kuangalia ni nani aliyekuwa akisonga mbele. Aliyekuwa akisonga mbele ni yule aliyelivunja lango.

Mwanahoja

Kobe, unasahau jambo la msingi. Wale wazee watano waliotumwa kutoka ng’ambo ya bahari, Gandalf akiwa mmoja wao, walikatazwa kushindana na Sauron kwa nguvu dhidi ya nguvu, na pia walikatazwa kuwatawala watu kwa mabavu na vitisho. Shujaa huyo anaingia uwanjani akiwa amefungwa mkono mmoja na waliomtuma, nanyi mnampima kana kwamba yuko huru. Pamoja na kifungo hicho alipambana na Balrog, lile zimwi la moto, tangu vilindi vya mapango ya Moria hadi kilele cha mlima, akamwangusha, naye akafa, kisha akarudishwa akiwa mweupe na mwenye nguvu kuliko awali. Hata kabla ya hapo, Nazgûl, kundi la Mfalme Mchawi, walimzingira juu ya kilima cha Weathertop usiku kucha akiwa peke yake, na alfajiri akatoka mzima. Sioni kwa nini fimbo moja iliyovunjwa na watengeneza filamu ifute yote hayo.

Mpenda Mbwa

Ninyi mnagombania fimbo, lakini je, ni nani aliyewahi kumtaja Huan, yule mbwa wa visa vya kale vya Tolkien? Katika kila orodha ya wenye nguvu ninayoiona, mbwa huyu hayumo, ingawa alikabiliana na Sauron mwenyewe, si mtumishi wake, Sauron akiwa amejigeuza mbwa mwitu mkubwa kupita wote. Huan alimkamata kooni na hakumwachia mpaka Sauron alipoukabidhi mnara wake kwa Lúthien, yule binti mfalme. Mwaka jana nilimweleza bwana huyo huyo habari hii, naye akaniuliza mbele ya watu kama ninataka mashujaa wote wavuliwe mataji ili taji apewe mnyama wa kufugwa. Mimi sikufungiwa kitabu, lakini nililala na njaa siku ile kwa hasira, na hakuna aliyenifungulia uzi.

Binti Kurasa

Mpenda Mbwa, nakuonea huruma kwa dhati, lakini wewe uliulizwa swali, na anayeulizwa swali anaweza kujibu. Mimi ningejibu nini, na kitabu kimefungwa? Nimekifungua sasa hivi chini ya taa. Alama ya mafuta imekaa juu ya neno lenyewe, juu ya jogoo, na ukurasa wa pili umepata mkunjo ambao hautanyooka hata nikiuwekea jiwe. Kitabu hiki nimekisoma mara sita bila hata kukiandikia jina langu, kwa kuogopa kukichafua.

Kobe wa Sokoni

Huyo Huan alisaidiwa na Lúthien, maana nguo yake ya kichawi ndiyo iliyomtia Sauron usingizi wa ghafla aliporuka. Tukianza kuhesabu ushindi wa kusaidiwa, hata Éowyn, yule binti wa Rohan, hakumuua Mfalme Mchawi peke yake, kwa kuwa Merry, mwenzake mfupi, alikuwa amekwisha kumchoma nyuma ya goti kwa kisu cha kale kilichofuliwa hasa kwa ajili ya adui wa namna hiyo.

Mjukuu wa Pate

Nimevumilia vya kutosha. Kila wiki ni Gandalf, kila wiki ni Sauron, na anayejaribu kumtaja Fumo Liyongo huonekana ameleta habari za shambani. Mnastaajabu kwamba Mfalme Mchawi alitabiriwa kuwa hataanguka kwa mkono wa mwanamume. Sisi tunaye mtu ambaye hapakuwa na silaha iliyoweza kumuua ila sindano ya shaba ya kitovuni. Alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, naye akakata minyororo yake huku nje ngoma na vigoma vikilia kwa nguvu ili sauti ya chuma isisikike. Nilipoyasema haya barazani, bwana huyo mnayemzungumzia alitamka kwamba aliyeuawa na mwanawe kwa sindano hawezi kuingizwa katika mashindano ya wenye nguvu. Hilo ni tusi kwa pwani nzima, na mnalilia kidole.

Kobe wa Sokoni

Bila kukuvunjia heshima, Liyongo alichomwa akiwa amelala, na mtu aliyelala hapimwi nguvu. Ndiyo maana hata Morgoth, bwana wa Sauron, hatuhesabu kuwa alizidiwa nguvu pale Lúthien alipomwimbia mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti chake cha enzi.

Mwanahoja

Mbona basi tunamhesabu Fingolfin, mfalme aliyepigana naye ana kwa ana, ambaye alikuwa macho, na Morgoth alikuwa macho? Alimtia jeraha saba na kumkata mguuni kabla ya kuuawa, na yule mwovu alichechemea tangu siku hiyo. Kipimo cha nguvu ambacho kinamwacha Fingolfin miongoni mwa walioshindwa tu kina kasoro.

Binti Kurasa

Naomba turudi kwenye mada. Kidole kilikuwa ndani.

Mjukuu wa Pate

Kobe, hukuusikia utenzi mpaka mwisho. Liyongo hakufia kitandani. Aliamka na sindano ikiwa kitovuni, akashika uta wake na mishale, akatoka mpaka penye kisima, akapiga goti, akaweka mshale kwenye uta na kuuvuta. Hapo ndipo roho ilipomtoka, naye akabaki vile vile, amepiga goti na mshale umeelekezwa mbele. Watu walipomwona walidhani yu hai, na hakuna aliyethubutu kukaribia kuteka maji. Mji mzima ulikaa na kiu, mpaka mama yake alipoitwa aje kumbembeleza. Sasa nitajie huyo Mfalme Mchawi wako alikilinda kisima gani baada ya kufa.