Mjadala: Sheria iseme mhudumu mmoja kwa wazee wangapi

Ndugu zangu, naleta hoja, na upande wangu nausema mapema. Nchi zetu ziandike kwenye sheria idadi ya chini ya wahudumu katika kila nyumba ya wazee, kwa kila zamu, usiku na mchana, na nyumba isiyotimiza isipewe kibali. Nimebishana na jamaa zangu wa Moshi na Nairobi juu ya jambo hili, na jibu lao kubwa ni moja: "Sisi si Wazungu. Mwafrika ana utu, hawezi kumwacha mzee alale kwenye mkojo. Tafuteni watu wenye huruma, mengine yatakaa sawa."

Mimi nahudumia wazee Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka wa sita sasa. Wenzangu wengi wa zamu wametoka Kenya, Liberia, Somalia na kwetu Tanzania. Huruma tunayo, na adabu za kwetu tunazo. Wazee wa kule tunawaita "mama" na "baba" mpaka na wao wamezoea. Lakini nimeona mzee akilala kwenye mkojo, na aliyekuwa zamu ni mimi.

Usiku ule nilikuwa na wazee 22 peke yangu, zamu yenye urefu wa saa 8. Pigeni hesabu: dakika 480 kwa watu 22, kila mmoja hafikishi dakika 22 kwa usiku mzima. Humo kuna kumgeuza, kumbadilisha, kumpeleka chooni, kumnywesha maji, na kumtuliza anayeamka akimwita mkewe aliyefariki zamani. Saa nane usiku kengele ikalia chumba cha mwisho, kwa mzee mmoja aliyekuwa mkulima. Mimi nilikuwa chooni na bibi aliyepata kiharusi, ameketi, mkono mmoja haufanyi kazi, nikimwacha, anaanguka. Nikamsubirisha yule mzee. Nilipofika alikuwa sakafuni, nguo zimelowa, nyonga imevunjika. Alijaribu kwenda mwenyewe. Alipelekwa hospitali na chumbani kwake hakurudi tena.

Asubuhi nilipewa fomu ya kujaza. Ilikuwa na nafasi ya jina langu, saa ya tukio, na swali la nini mhudumu angefanya tofauti. Hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba tulikuwa wawili jengo zima. Tangu siku ile, mtu akiniambia usalama wa wazee ni suala la tabia ya mhudumu, namuuliza kwanza: wako wangapi kwenye zamu?

Kwa ambao hawajafanya kazi hii, niwaeleze uhaba wa mikono unavyoua, maana hauui kwa kelele. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe takribani kila baada ya saa mbili. Akikaa upande mmoja usiku kucha, damu haipiti vizuri pale mfupa unapokandamiza ngozi: kisigino, nyonga, kifandugu. Panaanza wekundu, kisha ngozi inachubuka, na kwa mzee dhaifu kidonda kinaweza kufika mfupani. Au chukueni kula. Mwenye shida ya kumeza anahitaji nusu saa au zaidi kwa bakuli moja la uji, kijiko kidogo, ameketi wima. Mhudumu mwenye watu wanane wa kulisha anaharakisha, mzee anapaliwa, chakula kinaingia mapafuni, na wiki inayofuata ana nimonia. Kwenye cheti cha kifo itaandikwa nimonia. Haraka ya kijiko haiandikwi.

Kuna na maji. Mhudumu aliyezidiwa, bila hata kukusudia, anaanza kuwanywesha wazee kidogo ili wasiombe choo mara kwa mara. Mwili unakauka, maambukizi ya njia ya mkojo yanaingia, mzee anachanganyikiwa, anainuka gizani, anaanguka. Na akisumbua sana, ndipo vinapokuja vidonge vya kumtuliza. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru dawa mpya za aina hiyo, zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya akili, ziwekewe onyo kali kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Bado zinatumika, kwa sababu mzee aliyelala hahitaji mtu wa kukaa naye.

Sasa sheria. Mei 2024 serikali ya Marekani ilichapisha kanuni: kila mzee apate walau saa 3.48 (karibu saa tatu na nusu) za kuhudumiwa kwa siku, kati yake saa 2.45 za wahudumu na saa 0.55 za muuguzi aliyesajiliwa, na muuguzi huyo awepo jengoni saa zote 24. Kwa nyumba ya wazee 40, zile saa 2.45 ni saa 98 kwa siku, yaani wahudumu 12 hivi wa saa 8: tuseme watano asubuhi, wanne jioni, watatu usiku. Si anasa. Utafiti wa serikali hiyohiyo uliotolewa mwaka 2001 ulikuwa umetaja saa 4.1 kuwa ndicho kiwango cha kuwakinga wazee na madhara. Hata hivyo wenye nyumba walikwenda mahakamani, Aprili 2025 jaji wa Texas akaitengua, na Julai 2025 Bunge likazuia utekelezaji wake hadi 2034.

Hoja ya wenye nyumba ilikuwa kwamba vijijini hakuna wauguzi wa kutosha, na nyumba zitafungwa wazee wabaki bila pa kwenda. Siidharau. Ukiwa na nyumba zinazokaribia 15,000 zilizozoea kuendeshwa kwa watu wachache, kubadilisha ni kama kuhamisha msingi watu wakiwa ndani. Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Kwetu nyumba hizi bado ni chache. Za kulipia zinaanza kuongezeka Nairobi, na Dar es Salaam tutafuata, maana watoto wako mbali na wazee wanaishi miaka mingi kuliko zamani. Udongo uwahi ungali maji. Tukisubiri mpaka ziwe mia, wenye nyumba watakuwa na mawakili, na hoja yao itakuwa hii hii niliyoisikia huku.

Wanaosema utu wetu unatosha, wakumbuke Novemba 2023. BBC Africa Eye ilirusha picha zilizopigwa kwa siri katika nyumba ya wazee huko Kikuyu, kaunti ya Kiambu, zikionyesha wazee wakitendewa vibaya na hata kuchapwa. Wahusika ni watu wetu, lugha zetu, ibada zetu. Anayempiga mzee ashtakiwe, hapo sina mjadala. Linaloniuma ni kwamba waandishi wenye kamera za kificho ndio waliotuonyesha, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Haki iko kwenye karatasi. Nani anafungua mlango saa nane usiku kuhesabu wahudumu?

Kuna mambo mawili ya huku ningeyachukua yalivyo. Sheria ya mwaka 1987 inaitaka kila nyumba inayopokea fedha za serikali ikaguliwe bila taarifa, angalau mara moja ndani ya miezi 15. Na kila jimbo lina daftari la wahudumu: ukithibitika umemdhulumu mzee, inaandikwa, na nyumba nyingine haiwezi kukuajiri. Kwetu aliyefukuzwa mjini anaweza kuhamia mtaa wa pili na kuanza upya, na familia isijue.

Niseme na pale ninapokwama mwenyewe. Makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga na Fungafunga Morogoro yanapokea wazee wasiojiweza, wasio na ndugu wala ada ya kulipa. Ukiandika idadi ya wahudumu bila fungu kwenye bajeti, utakuwa umemwekea afisa ustawi kosa ambalo hawezi kulikwepa. Kwa hiyo idadi na fedha ziandikwe pamoja, au tusiandike. Isije ikasemwa haiwezekani: Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Ni uamuzi uliofanywa. Na vijana waliosomea uuguzi ngazi ya cheti, Bara na Visiwani, wako mitaani wanatafuta kazi.

Najua wengine watasema mzazi hapelekwi kwenye nyumba ya wazee, ni laana, alelewe nyumbani. Mama yangu yuko nyumbani, na nashukuru. Lakini anayemgeuza usiku ni binti mmoja tuliyemwajiri, ambaye mchana anafua na kupika, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumnyanyua mtu mzima bila kuumia mgongo. Simlaumu kwa lolote. Nikipiga simu, kabla ya kuuliza mama amekula nini, namuuliza yeye amelala saa ngapi.

Sasa nawaachia uwanja. Mnaopinga, nielezeni hasa mnapinga idadi yenyewe au mlipaji. Na ninyi mliofanya kazi kwenye nyumba hizi, za serikali, za kanisa, za msikiti au za watu binafsi, Mombasa, Moshi, Unguja, popote: bila kutaja jina la nyumba wala la mtu, andikeni tu, usiku mlikuwa wangapi, kwa wazee wangapi?