Wadau wa Mtwara: pikipiki ndogo ya spoti ya mipigo miwili (tustroki) kwa safari za kila siku Mikindani–mjini, nichukue au niache?

Mkazi wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri wenu, hasa nyinyi mlioko huku Kusini mnaojua joto na chumvi ya kwetu.

Naishi Mikindani, kazini ni mjini, upande wa Shangani. Kwenda na kurudi ni kilomita ishirini na kitu kwa siku. Njia ni lami tupu, ukitoa kipande cha mchanga kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwangu. Kwa sasa nategemea daladala na bodaboda, na nauli ya mwezi inaniumiza.

Kuna jamaa mjini anauza Yamaha TZR125, ile ya spoti, mipigo miwili, inayopozwa kwa maji, gia sita. Iliingia nchini ikitokea Uingereza. Kadi ipo, namba ya MC ipo. Imekaa bandani muda mrefu bila kutembea, ila alipopiga kiki mbele yangu iliwaka. Bei yake iko chini ya Boxer mpya.

Sifichi, pikipiki hii naipenda. Nimekulia Newala, na bwana shamba wa kwetu alikuwa na Yamaha DT ya mipigo miwili. Mlio ule tukiusikia tukiwa shambani tulijua anakuja kabla hatujamwona. Lakini mapenzi hayalipi fundi. Nataka kujua kama chombo cha namna hii kinaweza kazi ya kila siku, mvua na jua, au ni cha Jumapili tu. Na oili yake inakuwaje? Muuzaji ananiambia nichanganye na petroli kwenye tangi, mwingine kaniambia nisichanganye. Mke wangu naye ataipanda mara mojamoja.

---

Masasi Moja

Mkuu, achana nayo. Chukua Boxer au TVS. Spea zipo kila duka, kuanzia hapo Mtwara mjini mpaka Nangomba, na kila fundi wa chini ya mwembe anaifungua akiwa amefumba macho. Hiyo TZR ikikatika kebo tu unaanza kupiga simu Dar.

Halafu piga hesabu ya mafuta. Tuseme kwa mwezi unatembea kilomita 550. Mipigo miwili ya spoti ikikupa kilomita 22 kwa lita, hizo ni lita 25. Pikipiki ya mipigo minne ya kilomita 50 kwa lita inataka lita 11 tu. Ongeza na oili inayoungua kila siku. Wewe umelalamikia nauli, sasa unataka kuhamishia hela sheli?

---

Fundi wa Chikongola

Nimesoma vizuri swali lako, nami nakujibu kama mtu aliyeanza kazi kwenye DT na Suzuki TF125 za mabwana shamba, kabla Wachina hawajafika. Vijana wengi wa gereji siku hizi hawajawahi kuvua silinda ya mipigo miwili, ndiyo maana wanaiogopa. Injini yenyewe ni nyepesi kufungua kuliko Boxer. Haina vali za juu, haina kemshafti, haina cheni ya ndani. Ukivua hedi na silinda, pistoni unaiona hiyo hapo.

Kwanza oili, maana hapo ndipo pikipiki hizi zinapofia. TZR ina tangi lake dogo la oili ya 2T, yaani ya mipigo miwili, na pampu inayosukuma oili kwenda kwenye injini kadiri unavyovuta mafuta. Kwa hiyo petroli inaingia peke yake na oili peke yake. Muuzaji akikwambia uchanganye kwenye tangi, muulize pampu iko wapi. Wapo wanaoing'oa ikisumbua, wakaziba tundu na kuanza kuchanganya kwa mkono. Kuchanganya si dhambi, ila lazima ujue, kwa sababu siku ukijaza petroli tupu ukidhani pampu inafanya kazi, injini inanoki, yaani pistoni inakwama kwenye silinda, kabla hujamaliza lita ile.

Kama pampu ipo, bado usiiamini, maana chombo kimekaa muda mrefu. Tangi la kwanza changanya hivyohivyo, sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli, na huku pampu ikiwa inafanya kazi. Itatoa moshi mwingi, vumilia. Weka alama kwa kalamu kwenye tangi la oili, tembea, rudi utazame. Oili ikishuka, na mpira unaotoka kwenye pampu ukiwa hauna mapovu ya hewa, hapo ndipo unaacha kuchanganya.

Gia nazo zina oili yake ya pembeni, haihusiani na hii. Wengine wanasahau kabisa kuwa ipo.

---

Nahodha Msimbati

Oili ya mipigo miwili huku si shida. Sisi wa boti tunanunua kila siku. Injini yangu ya nje natumia moja kwa hamsini, mwaka wa ngapi huu, haijanisumbua. Ukikosa mjini njoo pwani tukugawie.

---

Fundi wa Chikongola

Nahodha, nakuheshimu na oili yako kwa boti ni sahihi kabisa. Kwa pikipiki ya spoti, hapana. Tazama kopo lako, utakuta limeandikwa TC-W3. Oili hiyo imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari, inayofanya kazi bila kupata joto kali. TZR inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na pistoni inapata moto zaidi. Ukiitilia oili ya boti itatembea, wala hutaona kitu mwanzoni, lakini ulinzi wake kwenye joto ni mdogo na ringi zinaanza kung'ang'ania.

Kopo la kutafuta ni lenye maandishi JASO FC au FD, hivyo ni viwango vya Kijapani vya oili ya mipigo miwili. FD ndiyo inayosafisha zaidi. Dukani usiulize "oili ya tustroki" ukachukua unachopewa, geuza kopo usome. Hapa Mtwara kopo la boti ndilo liko mbele ya rafu, kwa kuwa wateja wengi ni wavuvi.

---

Nahodha Msimbati

Sawa fundi, hilo nimelipokea. Kuna kijana wa hapa ana Yamaha AG100, pikipiki ya mipigo miwili, na anaitilia oili yangu. Nitamwambia.

---

Lindi Mtanda

Mimi ninayo Aprilia RS125 huku Lindi, ndugu zake hao. Naiendesha kwenda kazini, kwa hiyo nasema ninachokiishi.

Kazi ya kila siku inaiweza, ila si kwa mwendo wa bodaboda. Injini hizi zina vali kwenye tundu la ekzosi, Yamaha wanaiita YPVS. Chini, pikipiki ni pole, kama haina kitu. Mzunguko ukipanda vali inafunguka na pikipiki inabadilika kabisa. Sasa ukiitembeza mjini kila siku kwa mzunguko wa chini, oili isiyoungua vizuri inaganda. Plagi inalowa, masizi yanajaa kwenye vali mpaka inakwama. Wewe una bahati, kati ya Mikindani na mjini kuna lami iliyonyooka ya kuivutia. Ipashe moto kwanza. Dakika kadhaa za mwanzo nenda taratibu, usivute kabisa, kwa sababu pistoni inatanuka haraka kuliko silinda na injini baridi inaweza kunata. Ikishapata joto, iache ipumue mpaka juu. Hiyo ndiyo afya yake.

Beba plagi ya akiba na spana yake chini ya kiti, kila siku. Tulia ujifunze kusoma plagi. Rangi ya kahawia kavu ni njema. Nyeusi yenye mafuta ina maana oili au petroli imezidi. Ukiona nyeupe, simama hapohapo, hewa imezidi na injini inaungua.

Jambo moja kuhusu hiyo iliyotoka Uingereza. Kule pikipiki za 125 za wanaojifunza zilibanwa na sheria zisizidi nguvu za farasi 12. Inawezekana hiyo bado imebanwa, na usipoijua hali hiyo utamsumbua fundi bure ukidhani injini imechoka.

Pia mlima mrefu wa kuteremka, mathalani ukitoka Newala kushuka kutoka uwanda wa juu wa Makonde, usifunge mafuta moja kwa moja ukaacha injini ishike mwendo. Oili inafuata mkono wako wa mafuta. Ukifunga, injini inazunguka kwa kasi huku oili ikiwa kidogo sana. Gusia mafuta mara kwa mara, breki zifanye kazi yake.

---

Dada wa Chuno

Kaka zangu, mmeongea injini tu, hakuna aliyemjibu mwanzisha uzi kuhusu mkewe. Kiti cha nyuma cha spoti ni kidogo na kiko juu, vikanyagio viko juu, na hakuna pa kushika. Mimi nimepandishwa pikipiki ya aina hiyo kutoka Mikindani mpaka Ligula, nilifika magoti yanauma na mikono imekaza. Dereva akifunga breki, wewe wa nyuma unamlalia. Mwanamke akivaa dera au khanga lazima akunje vizuri akalie, cheni iko wazi pale nyuma. Akiwa mjamzito au ana mtoto, usimpandishe hata kwa hatua mbili, mwite bajaji.

Na nguo za ofisini, moshi ule unanukia na ekzosi inarusha matone meusi. Shati jeupe la nyuma litakuambia.

---

Mkazi wa Mikindani

Nashukuru sana wadau, na wewe Dada wa Chuno umenifungua macho. Nimeongea na mke wangu, kasema yeye ataendelea na bajaji, niamue kwa ajili yangu.

Masasi Moja, hesabu yako ni ya kweli na nimeiandika. Hata kwa lita 25 bado natoa pungufu ya ninachotoa sasa kwa bodaboda asubuhi na jioni. Hofu yangu ni spea, siyo petroli.

Leo nimerudi kuiangalia. Ilipowaka ilitoa moshi mweupe mwingi ambao haukuisha hata ilipopata moto. Halafu nikivuta mafuta na kuachia, mlio unachelewa kushuka, unabaki juu kidogo ndipo unatulia. Mpira unaounganisha kabureta na injini una nyufa ndogo ukiubinya. Muuzaji anasema ni kawaida ya mipigo miwili.

---

Fundi wa Chikongola

Moshi wa bluu mwepesi wakati wa kuwasha ni kawaida. Ulichoeleza wewe si kawaida, na nafurahi umetazama kabla ya kutoa hela.

Mhimili wa injini hii una sili mbili (mipira ya kuziba oili na hewa), kushoto na kulia, na chombo kikikaa miaka bandani mpira wake unakauka. Sili ya upande wa klachi ikifa, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma, hapo unapata moshi mweupe usioisha. Ya upande wa umeme ikifa, inanyonya hewa, mlio unachelewa kushuka kama ulivyosema. Mpira wa kabureta wenye nyufa nao unaingiza hewa vilevile. Hewa ikizidi, petroli na oili vinapungua kwenye silinda kwa pamoja. Pistoni haipozwi, hailainishwi. Injini namna hiyo inaweza kukuwakia vizuri kila siku gereji na ikanoki siku ya kwanza utakapoivuta kwenye lami.

Kazi yenyewe: sili za mhimili, mpira wa kabureta, gasketi, ringi, na pistoni kama ina mikwaruzo. Fungua na vali ya ekzosi uisafishe. Maji ya rejeta badilisha yote, na uangalie yasiwe yanapungua, maana moshi mweupe unaweza kutoka huko pia ikiwa gasketi ya hedi imeachia. Habari njema ni kwamba injini ya TZR125 ni ndugu wa DT125R ya kupozwa kwa maji, kwa hiyo unapoagiza Dar usitaje TZR peke yake, taja na DT125R, lakini linganisha namba ya spea kabla ya kulipa. DT zetu za zamani za kupozwa kwa hewa ni injini nyingine, usikubali kuuziwa pistoni yake.

Petroli nunua sheli tu. Ya chupa barabarani, ikiwa imetiwa mafuta ya taa, Boxer itavumilia ikigongagonga. Hii itakutoboa pistoni.

---

Masasi Moja

Fundi kaongea. Kwa hali hiyo bei ishuke sana, la sivyo arudishe bandani kwake. Na namba ya injini na ya fremu zilinganishwe na kadi kabla ya yote.

---

Lindi Mtanda

Upepo wa Mikindani una chumvi, umesahaulika hapa. Cheni ya RS yangu nikiiacha bila oili inapata kutu haraka kuliko ya mwenzangu wa Nachingwea. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ipake oili, hasa ukitoka kwenye ule mchanga. Na kwenye mchanga wenyewe shuka usukume kama tairi ni za lami. Usukani wa spoti uko chini, gurudumu la mbele likizama hulirudishi.

---

Mkazi wa Mikindani

Namba nimelinganisha, zinaoana na kadi. Nimempa muuzaji orodha ya fundi yote. Kwanza alikasirika, baadaye kakubali kupunguza kiasi cha gharama ya sili, ringi na gasketi, na kakubali injini ifunguliwe kabla sijalipa. Silinda ikiwa na mikwaruzo, kila mtu ashike njia yake. Daladala naendelea nayo mpaka hapo.

Fundi, unapatikana lini?

---

Fundi wa Chikongola

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mje wote wawili, yeye na wewe, nivue silinda mkiwa mnatazama. Isukumeni au ipakieni kwenye guta, msiiendeshe. Na uje na kopo la FD, nitalihitaji kupaka pistoni wakati wa kurudisha.