Mrejesho: Tumeachana na faili ya msaada ya CHM

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Mwezi uliopita niliuliza kama tuendelee na faili ya msaada ya CHM (faili moja ya Windows inayobeba kurasa zote za maelekezo) katika programu yetu ya hesabu za vyama vya akiba na mikopo, kwa kuwa makarani wa Mbale na Soroti, Uganda, walikuwa wakiifungua na kukuta orodha ya mada upande wa kushoto na ukurasa mweupe upande wa kulia.

Aliyesema kwamba Windows huizuia faili iliyopakuliwa kutoka intaneti alikuwa sahihi: tulifungua sifa za faili (Properties), tukaondoa kizuizi (Unblock), na maandishi yakaonekana. Hata hivyo, dawa hiyo haikuifaa faili iliyo kwenye kompyuta kuu ya ofisi, kwani tangu mwaka 2005 Windows huzuia kurasa za CHM zinazosomwa kupitia mtandao wa ndani, nami sikuwa tayari kulegeza ulinzi wa mashine zinazotunza akiba za watu.

Kwa hiyo tulifuata ushauri wa pili niliopewa, wa kuifumua faili: tulitumia amri ya hh.exe -decompile (hh.exe ni programu ya Windows inayofungua faili za CHM), tukapata kurasa za HTML, yaani za aina ya kurasa za tovuti, zinazofunguka kwenye kivinjari chochote bila intaneti. Tulichopoteza ni utafutaji wa maneno ndani ya maelekezo. Kwa sasa ipo faharasa ya alfabeti niliyoiandika mwenyewe. Kitufe cha F1, cha kuomba msaada ndani ya programu, nacho hufungua ukurasa sahihi lakini si aya husika, hivyo tumezigawa kurasa ndefu, na ule wa marejesho ya mikopo pekee umezaa kurasa saba.