Naomba ushauri: nikizima taa usiku naona mwanga kama radi pembeni

FundiChuma
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mkazi wa Makorora hapa Tanga mjini, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikichomelea mageti na grili za madirisha. Kwa siku tisa sasa, kila ninapozima taa na kujilaza, naona mwanga ukimulika pembeni kama radi ya mbali upande wa baharini, ila haina ngurumo. Mchana mwanga huo hupungua, lakini zimeanza kuelea mbele yangu chembe nyeusi kama masizi ya kibatari, na nikizifuata kwa macho zinakimbia. Sisikii maumivu hata kidogo. Nilipima presha kwenye duka la dawa nikaambiwa ni 130/85. Naomba kujua kama huu ni moto wa kuchomelea au ni uchovu, na kama yapo matone ninayoweza kununua huku naendelea na kazi.

Mstaafu wa Reli
Mwanangu, nyinyi mafundi wa siku hizi mnachomelea kwa miwani ya jua, kisha mnashangaa macho yakilalamika. Mwaka 1987, nikiwa bado kijana karakanani, nilimshikia mwenzangu chuma bila kuvaa kinyago, na ilipofika usiku wa manane niliamka nikidhani mtu amenimwagia mchanga machoni. Machozi yalitiririka hadi alfajiri, na mama yangu, Mungu amrehemu, alinikanda kwa kitambaa cha maji baridi mpaka kulipokucha. Vaa kinyago chenye kioo cheusi, upumzike siku mbili, na yatapita.

Mama Wawili
Pole sana, kaka. Mimi vimulimuli vyangu huanza kama kidoa kidogo karibu na katikati, kisha kinapanuka na kuwa upinde wenye meno ya msumeno yanayometameta, na hata nikifumba macho naendelea kuuona. Baada ya dakika 20 au 30 unatoweka, halafu kichwa kinaanza kugonga upande mmoja. Daktari aliniambia ni kipandauso, na jambo la kwanza aliloniuliza ni vidonge gani vya uzazi wa mpango ninavyotumia, kwa sababu mwenye kipandauso cha namna hiyo hatakiwi kutumia vile vyenye homoni mbili, vinamwongezea hatari ya kiharusi. Miaka mitano nilikuwa navimeza bila mtu kuniuliza. Na dada zangu wajawazito mnaosoma hapa, ukiona nyota huku kichwa kinauma na mimba imepita wiki 20, nenda kapimwe presha siku hiyo hiyo, kwani kifafa cha mimba hakisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Muuguzi wa Macho
Mzee wangu wa reli, nakuheshimu, ila moto wa kuchomelea huleta maumivu na machozi saa 6 hadi 12 baada ya kazi, na ndugu yetu anasema hana maumivu. FundiChuma, nijibu haya kabla sijasema lolote. Funika jicho moja, kisha jingine: mwanga unauona kwa jicho lipi, au kwa yote mawili? Je, unavaa miwani ya kuonea mbali? Uliwahi kuumia au kufanyiwa upasuaji wa jicho? Kuna kivuli chochote pembeni ambacho hakiondoki?

FundiChuma
Nashukuru, dada. Miwani ninavaa tangu shuleni, namba yake ni -7. Upasuaji sijawahi. Nieleze pia kwamba tangu juzi natia matone ya asali niliyopewa na mzee mmoja wa Pangani ambaye amewatibu wengi, na nahisi macho yametulia kidogo. Kazi siwezi kuiacha, maana nimeshapokea malipo ya awali ya grili 14 za nyumba moja ya Raskazone, na fedha hiyo imekwisha kwenye vyuma na ada ya shule. Nikikabidhi tarehe 30 nitakwenda hospitali.

Mwana wa Mto
Kwetu Pangani mjomba wangu alipoanza kuona taa zikiwaka na kuzimika, tuliambiwa ni jini la baharini linamtaka. Tukapiga ngoma miezi mitatu na kuchinja mbuzi wawili. Alipopelekwa hospitali akakutwa na kisukari kilichokwisha kuvujisha damu ndani ya jicho. Siwabezi wanaosoma dua, mimi mwenyewe namsomea hadi leo, lakini sukari ipimwe kwanza.

Muuguzi wa Macho
FundiChuma, acha hiyo asali leo hii. Haifiki mahali ninapopahofia, na isiyosafishwa kitaalamu inaweza kuingiza vijidudu. Hukunijibu: ni jicho lipi? Na kivuli je?

FundiChuma
Ni pembeni tu, dada. Nitaangalia vizuri.

Msomaji Makini
Niseme ninaloliona. Mtu ameulizwa mara mbili swali ambalo hata mtoto angelijibu kwa kiganja chake, naye anatueleza habari za madirisha. Anayelalamikia macho anaandika aya ndefu zisizo na kosa hata moja. Kisha katikati linajitokeza tone la asali la mzee wa Pangani. Tumekwisha kuona humu visa vilivyotungwa ili siku ya tatu aje mtu kuuza chupa. Kama ndivyo, ni dhambi kucheza na hofu za wagonjwa wanaosoma hapa.

Mama Wawili
Hata mimi nilianza kujiuliza, ingawa sikutaka kusema. Kaka, kama ni kweli, tujibu.

FundiChuma
Anayeandika ni binti yangu wa kidato cha tatu, mimi namsomea maneno. Swali la jicho lipi sikulijibu kwa sababu nina jicho moja. La kushoto liliingia chembe ya chuma mwaka 2009, nikasubiri wiki mbili kwa matone ya dukani, likafa. Watu wengi ninaowafanyia kazi hawajui, kwa kuwa hakuna anayempa kazi ya vipimo fundi mwenye jicho moja, na sikutaka hata binti yangu aliandike jambo hili. Mwanga uko jicho la kulia. Kivuli kipo tangu Jumapili, chini upande wa pua, na leo asubuhi kimepanda.

Muuguzi wa Macho
Kaka yangu, sikiliza, na binti akusomee mara mbili. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao hauna hisi ya maumivu. Ukivutwa, ubongo hupokea habari moja tu, nayo ni mwanga. Uteute ulio mbele yake, unaofanana na ute wa yai, husinyaa kadiri umri unavyokwenda, na kwa mwenye miwani kama yako hilo hutokea mapema na retina yake huwa nyembamba zaidi. Radi unayoiona ni huko kuvutwa, na masizi yanaweza kuwa damu ya mshipa uliochanika. Kwa kuwa picha huingia jichoni kichwa chini, kivuli cha chini upande wa pua kinanifanya nihofie kwamba retina imechanika juu, upande wa sikio, na inabanduka. Lingekuwa tundu peke yake, lingezungushiwa mwanga wa leza ili kingo zishike, kama unavyochomelea wewe. Ikishabanduka unahitajika upasuaji, na matumaini hutegemea kama sehemu ya katikati bado imeshika. Inaweza kuachia ndani ya siku chache, pengine saa.

Kesho alfajiri uwe hospitali ya Bombo, kitengo cha macho. Usikae foleni kimya. Sema: "Nina jicho moja, naona radi, na kivuli kinapanda." Watakutia matone ya kupanua mboni, kwa hiyo usiendeshe pikipiki. Omba rufaa siku hiyo hiyo ya hospitali kubwa: KCMC ya Moshi, au Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT. Kila upande ni kama kilomita 350, basi la siku moja.

Msomaji Makini
Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe pia binti.

FundiChuma
Sina kinyongo. Lakini zimebaki grili tano, na fedha ya mwenye nyumba nimeshaila. Nikiondoka atasema nimekimbia.

Mstaafu wa Reli
Nilikosea kukuambia upumzike siku mbili, mwanangu. Kijana wangu ana karakana hapa Ngamiani. Vyuma vyako vipo, michoro ipo, atazimalizia na nitasimama mwenyewe nikague kila kiungo. Mwenye nyumba nitamwona mimi. Wewe panda basi.

FundiChuma
Shikamoo, mzee. Nimekubali. Michoro atakuwa nayo mke wangu, na binti atakutumia namba yake faraghani. Mwambie kijana kwamba dirisha la jikoni limeandikwa upana wa sentimita 120, lakini nililipima upya wiki iliyopita na ni 118.