Jiwe likishaachana na mkono, ni kani gani inayolipeleka juu?

Mtahiniwa_Binafsi ameuliza:

Wanajamvi, salaam. Najiandaa kurudia mtihani wa Fizikia wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya miaka sita ya kukaa mbali na daftari, na nimekwama katika mada ambayo vitabu huiweka mwanzoni kana kwamba ni nyepesi, yaani mwendo wa vitu. Swali lilikuwa hili: jiwe limerushwa wima, limeshaachana na mkono na bado linapanda, chora mishale ya kani zote zinazofanya kazi juu yake. Nilichora mshale mfupi unaoelekea chini, ambao ni mvutano wa dunia, na mshale mrefu unaoelekea juu, ambao niliuita nguvu ya mkono. Kijana anayetufundisha masomo ya jioni aliukata ule wa juu kwa kalamu nyekundu, akasema kani iliyopo ni moja tu, nayo inaelekea chini, kisha kipindi kikaisha.

Kama kani pekee inaelekea chini, jiwe linapandaje? Na pale juu kabisa, linaposimama kabla ya kugeuka, je, si kwamba kani mbili zimelingana? Naomba mwenye subira anieleweshe, kwa sababu sitaki kukariri jibu nisilolielewa.

Mwalimu_Mstaafu amejibu:

Ndugu Mtahiniwa, mshale wako una ukoo mkubwa, kwa hiyo usiuonee haya. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kitu kilichorushwa huendelea kusukumwa na hewa inayokizunguka. Katika karne ya 6, Philoponus wa Alexandria alilikataa wazo hilo, akasema kwamba mrushaji hukitia kitu nguvu fulani ambayo hukaa ndani yake na kupungua polepole, na hicho ndicho hasa ulichokichora. Ilichukua zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Galileo na, baada yake, Newton kuuondoa mshale huo, na sheria za mwendo tunazozifundisha leo Newton alizichapisha mwaka 1687.

Kwa maoni yangu, nusu ya tatizo imo katika neno lenyewe. Mitaani tunasema jiwe "limekuja na nguvu", gari "lina nguvu", mtoto "ana nguvu", na neno hilo moja linabeba mambo ambayo Fizikia inayatenganisha. Kani haimilikiwi na kitu. Kani ni kusukuma au kuvuta kunakotokea kati ya vitu viwili, na kani ya kusukumana inakoma papo hapo vitu hivyo vinapoachana. Mkono wako ulilisukuma jiwe kwa muda ule mfupi lilipokuwa kiganjani. Vidole vilipoliachia, kani ya mkono ilikwisha yote, bila kubaki hata chembe. Jiwe liliondoka na mwendo, na mwendo si kani.

Sasa tutumie hesabu. Tuseme jiwe limeachana na mkono likiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde. Mvutano wa dunia hubadilisha kasi yake kwa takriban mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, na kwa urahisi wa hesabu tuchukue 10. Kiwango hicho cha kubadilika ndicho tunachokiita mchapuko. Baada ya sekunde 1 jiwe bado linapanda, lakini kasi yake imebaki mita 10 kwa sekunde. Baada ya sekunde 2 kasi ni sifuri, nalo liko mita 20 juu ya mkono. Katika sekunde ya 3 linashuka kwa kasi ya mita 10, na katika sekunde ya 4 linarudi mkononi kwa kasi ya mita 20. (Upinzani wa hewa nimeuacha, kwa kuwa kwa jiwe dogo zito ni kidogo.) Tazama kwamba katika safari nzima kuna jambo moja tu linalotendeka, nalo ni kani ya kuelekea chini kupunguza mwendo wa kupanda hadi uishe, kisha kuongeza mwendo wa kushuka.

Kuhusu pale juu kabisa: kasi ni sifuri, lakini mchapuko bado ni ule ule. Kama kani zingekuwa zimelingana hapo, jiwe lingebaki linaning'inia hewani, kwa kuwa kitu kilichosimama na kisicho na kani ya ziada hakina sababu ya kuanza kushuka.

Fundi_Baiskeli amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nina pingamizi kwa niaba ya wengi. Nikiacha kusukuma mkokoteni, unasimama. Nikiacha kukanyaga pedali kwenye barabara tambarare, baiskeli inasimama. Je, hilo halionyeshi kwamba mwendo unahitaji kani ya kuulisha?

Mimi mwenyewe niliamini hivyo hadi kazi yangu iliponitia shaka. Baiskeli ikiletwa na gurudumu zito, naipindua ikalie tandiko na usukani, nalisukuma gurudumu mara moja kwa kiganja, nalo linazunguka kidogo tu huku likikwaruza, kisha linasimama. Naifungua ekseli, naziosha gololi kwa mafuta ya taa, natia grisi mpya, kisha nalisukuma kwa kiganja kile kile. Naweza kusogea kutafuta spana nyingine na kurudi nikalikuta bado linazunguka. Mkono sikuuongeza. Nilichokifanya ni kupunguza msuguano. Sasa nauliza: tukiuondoa wote, gurudumu lingesimama lini?

Mwalimu_Mstaafu amejibu:

Marahaba, Fundi. Lisingesimama, na njia uliyopita ni ile ile aliyopita Galileo. Yeye aliwaza juu ya gololi inayoteremka kwenye mteremko mmoja na kupanda mwingine ulio mbele yake: hupanda hadi karibu na kimo ilichoanzia. Ukiulaza zaidi ule mteremko wa pili, gololi hulazimika kwenda mbali zaidi ili kukifikia kimo hicho. Ukiulaza hadi uwe tambarare kabisa, kimo hakifikiwi kamwe, basi gololi haina mahali pa kusimama. Mkokoteni unasimama kwa sababu ipo kani inayousimamisha, yaani msuguano wa ekseli na wa magurudumu barabarani. Unapousukuma kwa kasi isiyobadilika, kazi yako ni kuufuta msuguano huo tu. Chombo cha anga za juu cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde bila injini yoyote kukisukuma mbele.

Konda_wa_Zamani amejibu:

Naomba niongeze jambo dogo kutoka mlangoni mwa daladala, nilikosimama miaka mingi. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria waliosimama husema wamesukumwa mbele, lakini hakuna aliyewasukuma. Gari limepunguza mwendo, miguu yao imepunguzwa pamoja na sakafu, na viwiliwili vinaendelea na kasi ile ya awali. Konda anayeshuka kabla gari halijasimama kabisa (tabia ambayo simshauri mtu) huelekeza uso kule gari linakokwenda na kukimbia hatua kadhaa, kwa sababu mwili wake unashuka ukiwa na mwendo wa gari. Niliwahi kumwona mgeni wa kazi akiruka na kukanyaga chini akakaza miguu. Alianguka kifudifudi, sarafu zikatapakaa lamini nzima.

Mtahiniwa_Binafsi amejibu:

Nawashukuru nyote. Mfano wa konda ndio ulionifungua macho: kiwiliwili kinaendelea mbele bila kusukumwa, kama jiwe linavyoendelea kupanda bila mkono. Nimeuchora upya mchoro nikiwa na mshale mmoja wa kuelekea chini. Limebaki jambo moja, Mwalimu. Nimechora jiwe katika sehemu tatu, yaani likipanda, likiwa kileleni na likishuka, na katika ile ya kushuka nimeurefusha mshale kwa kuwa jiwe linazidi kwenda kasi. Je, nimepatia?

Mwalimu_Mstaafu amejibu:

Hapana, urudishe urefu wake wa kwanza. Uzito wa jiwe haujabadilika kati ya kiganja chako na kimo cha mita 20, kwa hiyo mishale yote mitatu iwe na urefu ule ule. Kinachokua wakati wa kushuka ni kasi, na kasi, ukitaka kuionyesha, ipewe mshale wa rangi nyingine uliochorwa pembeni ya jiwe, usichanganyike na kani. Wakikuuliza juu ya unyoya badala ya jiwe, hapo ndipo utakapolazimika kuongeza mshale wa upinzani wa hewa, na unyoya unapokuwa unashuka, mshale huo utauchora ukielekea juu.