Mrejesho: ile picha ya mtaa wa Paris, kumbe si lithografia halisi

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliwauliza kama picha ya mchoraji Mfaransa Pierre Bonnard niliyonunua kwenye soko la mitumba hapa Paris kwa euro 60 ni lithografia halisi, yaani picha iliyochapwa kwa jiwe lililochorwa: barabara usiku, mvua, watu na magari ya farasi. Mkaniambia nitafute lenzi. Nimepata ya kukuza mara 10.

Jamani, ni vitone vitupu! Vya buluu, vyekundu, vya njano na vyeusi, vimejipanga safu safu mpaka kwenye mwanga wa taa zilizochorwa. Hiyo ni ofseti, uchapaji wa mashine wa kisasa. Fundi mmoja wa karatasi akanionyesha lithografia halisi: mchoro una mikwaruzo kama ya chaki kwenye ukuta wa chokaa, hauna safu, na kila rangi imechapwa kwa jiwe lake. Ile halisi ya Bonnard ilitoka 1899 katika mkusanyo wa picha 12 na jalada, mchapishaji Ambroise Vollard, nakala 100 tu. Kwa euro 60? Nilikuwa naota.

Yule aliyeniambia nisishangilie mapema, naomba radhi, nilikujibu vibaya. Muuzaji simlaumu, hakuniahidi kitu. Picha nimeitundika jikoni.