Navara YD25 inagonga cheni asubuhi, nibadilishe cheni tu au nifunge seti ya dabo?

kijana_wa_makambako:
Wakuu habari za majukumu. Nina Navara D40, injini YD25 dizeli, nilinunua mkononi kwa mtu mwaka jana, inabeba viazi kutoka Makambako kwenda Dar. Sasa kama wiki tatu hivi nikiwasha asubuhi kuna kelele mbele ya injini, krakrakra kama mtu anatingisha debe lenye misumari, sekunde tano sita hivi inanyamaza, ikishapata moto huisikii tena. Juzi narudi na gari tupu napandisha Kitonga ikakosa nguvu na taa ya injini ikawaka. Fundi kafungua kava la valvu akabonyeza cheni kwa kidole, nikaona kwa macho yangu inavyocheza. Yeye anasema abadilishe cheni ya juu tu sproketi (gia za meno zinazoshika cheni) zibaki zilezile, fundi mwingine anasema nifunge seti nzima ya cheni dabo, ile ya safu mbili. Hela ya kurudia kazi sina, hii gari ndo inalisha nyumbani na shule zinafungua mwezi ujao. Naombeni ushauri wakuu.

Mzee wa Spana:
Mdogo wangu kwanza paki hiyo gari, usiende nayo hata sokoni. Cheni ikiruka meno pistoni zinagonga valvu na hapo utaongelea silinda hedi, sio cheni tena.
Injini hiyo ina cheni mbili, ya chini inatoka krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwenda pampu ya dizeli, ya juu inatoka pampu kwenda kamshafti (shafti inayofungua valvu). Cheni mpya ukiiweka kwenye sproketi zilizolika nayo inalika haraka, kwahiyo huyo fundi wa kwanza anakuokolea hela leo anakudai kesho. Na ukitaka dabo ujue cheni dabo haikai kwenye sproketi ya singo (safu moja), lazima seti ije na sproketi za kamshafti, ya pampu, tenshena (kikaza cheni) na zile reli za plastiki zinazoongoza cheni.

Dereva_Tunduma:
Sikiliza huyo mzee. Mimi niliipuuza hiyohiyo kelele, nikasema si inanyamaza bwana, ikakatikia karibu na Mafinga saa nane usiku na mzigo wa watu juu. Valvu zilipinda, gari ikakaa gereji miezi miwili.

msambaa04:
Mi sioni ubaya wa singo kama ni spea nzuri na unamwaga oili kwa wakati. Tenshena inasukumwa na presha ya oili, oili ikiwa chafu au imepungua cheni inalegea, hata ufunge dabo utarudi palepale.

Mzee wa Spana:
Kwenye oili uko sahihi kabisa, ila gari la mzigo mimi nafunga dabo. Kijana, mwambie fundi ashushe na sampu (bakuli la oili chini ya injini), asikwepe. Apange alama za cheni na sproketi, halafu kabla ya kupiga stata azungushe krenki kwa mkono raundi mbili kamili, ikigoma popote asilazimishe, afungue aangalie upya.

kijana_wa_makambako:
Mrejesho wakuu. Nilichukua seti ya dabo Gerezani, imefungwa juzi. Tenshena ya zamani ilikuwa imetoka hadi mwisho, haina pa kusukuma tena, na kwenye sampu tumeokota vipande vya plastiki ya reli, vyeusi, vingine vidogo kama kucha, viwili vimenasa kwenye chujio la pampu ya oili. Nimeshika kile chujio mkononi nikanyong'onyea. Raundi mbili kwa mkono zilipita laini. Leo asubuhi na baridi yote hii nimewasha, kimya. Mzee Mungu akubariki sana. Fundi anasema nirudi kumwaga oili baada ya kilomita 1000, ni sawa?

Mzee wa Spana:
Wahi, 500 inatosha. Na filta mwambie aikate mbele yako uangalie kama kuna plastiki imebaki.